Injini ya Baba na Makoti ya Krismasi

Mwanangu, weka hiyo simu kando kidogo, uketi. Kuna siku ninayoikumbuka kwa pua kabla ya kichwa: harufu ya thina, yale maji ya kuyeyushia rangi, imejaa jikoni kwetu Nakuru, pale karibu na mtaa wa Rhonda, na shangazi yangu amenishika mkono kama polisi. Nilikuwa msichana mbichi, fundi wa kupuliza rangi kwenye gereji ya matatu, na kichwa kilikuwa kimevimba. Wanaume wenye ndevu walikuwa wakiniletea magari yao niyapendezeshe, basi ningesikia la nani?

Baba yangu alikuwa dereva wa treni za mvuke. Alitoka magharibi akiwa kijana, akaifuata reli mpaka Nakuru kama wenzake wengi, reli ikamlea naye akatulea sisi. Juu ya kabati alikuwa na injini ndogo ya plastiki, mfano kamili wa ile aliyoiendesha, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi vidoleni. Aliiunganisha mwenyewe kwa gundi, kipande kwa kipande, kabla mimi sijazaliwa.

Sasa, kwetu kila Krismasi lazima geti na madirisha yapakwe rangi, na ile iliyobaki mkebeni Baba alituachia sisi watoto tuivishe injini. Rangi hiyo tuliiita koti la Krismasi. Mwaka mmoja kijani ya geti, mwaka mwingine bluu ya madirisha aliyoichagua marehemu Mama. Ilikuwa raha yetu, na Baba alicheka kuliko sisi. Lakini koti juu ya koti, mwishowe injini ikawa kama kipande cha sabuni kilichochakaa, haina pembe wala namba.

Kisha sukari ikamshika Baba machoni. Daktari alipomwambia kwamba nuru iliyobaki ni ya kupungua tu, alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti chake, akanyamaza. Mtu aliyekuwa akitupandisha mlima wa Timboroa kila jioni kwa mdomo tu, akitusimulia safari za treni yake, sasa hata chai ilipoa mbele yake. Niliogopa, mwanangu. Niliona anaondoka huku amekaa. Ndipo nikaamua nitaivua ile injini makoti yote na kuirudishia rangi yake ya kwanza, damu ya mzee, aione kabla giza halijafunga.

Nilileta thina kutoka gereji, mkebe mzima. Ndivyo tulivyovua rangi ya magari: thina, msasa, kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshainamisha mkebe Shangazi Nafula aliponidaka. Alikuwa ameolewa Kuresoi, na siku hiyo alikuwa amekuja na gunia la viazi kumjulia hali kaka yake.

"Wee Nekesa," akasema, "kwani hiyo ni matatu? Kama hujui itafanya nini, jaribu kwanza pale chini, mahali jicho halifiki."

Nilinuna, maana nilikuwa mwepesi wa kununa. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Shangazi hakuwa mtu wa kubishana naye. Nikapaka tone moja chini ya tumbo la injini. Haukupita muda plastiki yenyewe ikaanza kunata kidoleni kama ubani uliotafunwa. Ningemwaga ule mkebe, kazi ya mikono ya Baba ingekuwa uji. Nikaufunika mkebe, nikakaa sakafuni, naye Shangazi akaendelea kumenya viazi vyake.

Nilipotulia nikakumbuka jambo la gereji. Tone la mafuta ya breki likianguka kwenye boneti, rangi hukunjamana na bosi hukufukuza mpaka barabarani. Safari hii nilijaribu chini bila kuambiwa. Rangi ikavimba, plastiki ikabaki ngumu. Nikavaa glavu, nikailaza injini kwenye beseni la mafuta hayo, na kesho yake asubuhi nilikuwa tayari na kisu cha kukwangua. Shangazi, aliyekuwa amelala kwetu, akanipa kiazi cha moto kilichochemshwa.

"Menya," akaniambia. Ganda likatoka kwa kidole gumba. "Ukikimenya kikiwa kibichi kwa kisu, unatupa na nyama yake. Wacha kiive, koti litajivua lenyewe."

Nikangoja. Mwanangu, kungoja ndiko kulikuwa kazi. Hayo mengine yalikuwa mchezo. Bandu bandu huisha gogo: kwa mswaki wa zamani na sabuni nilitoa kijani, kisha nyekundu, kisha bluu ya Mama, na hapo nililia kidogo. Chini yake vikachomoza vichwa vya riveti, ile misumari ya kushikanisha chuma, vidogo kama mbegu za nyanya, mabomba, ngazi ya dereva, na namba iliyoinuka ubavuni. Vyote vilikuwepo siku zote. Nikapuliza damu ya mzee kwa mbali, nyembamba kama pumzi, nikaacha ikauke, nikarudia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini nilijizuia nisivizike tena vile vichwa vya riveti.

Nilipomwekea Baba mapajani, alitazama upande mwingine. "Sioni, mama," akasema. Nilikuwa nimechelewa. Nilisimama pale nikiwa na rangi kwenye kucha.

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza safari. Vilipita juu ya bomba la moshi, vikashuka kwenye mabomba, vikahesabu riveti, vikafika ubavuni vikasimama. Kidole gumba kikasoma namba, tarakimu moja moja, midomo ikiitaja.

"Hii ni yangu," akasema. "Nani ameivua makoti?"

Akasimama! Mzee aliyekuwa hasimami bila kushikwa alisimama na injini kifuani, akapiga ile honi ya treni kwa mdomo, ndefu, mpaka majirani wakatoka nje na Shangazi akaangusha sufuria akipiga vigelegele. Jioni hiyo alikula viazi vya Kuresoi akaomba tena, kisha akatupandisha Timboroa, kituo kwa kituo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mgeni alishikishwa injini kabla ya kupewa chai.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usimmwagie mtu mkebe mzima wa ujuzi wako. Jaribu kwanza pale chini, kwa tone. Ukikuta kitu au mtu amefunikwa na miaka, usikwangue kwa hasira, ngoja kiive. Na ukijaliwa kumpaka rangi mpya, paka nyembamba, mwenye macho aione na asiye na macho aisome. Mungu akupe mkono mwepesi na subira ya Shangazi Nafula, na siku utakayodhani umechelewa, akukutanishe na vidole vinavyokumbuka.