Moma wa Shamba la Mama

Asubuhi hii gereji, fundi alitoa upepo kwenye tairi la nyuma, na mimi, mama mtu mzima, nikajikuta nimepanda juu ya benchi. Vijana wakacheka. Wacheke tu, nimechoka kueleza. Nitawaeleza ninyi, maana ninyi angalau mmekaa kunisikiliza.

Mlio ule mzito, mrefu, ndio wa nyoka aitwaye moma akijaza pumzi na kuitoa. Kwetu Ngana, chini ya miti ya kokoa ya mama, majani makavu yalifika kwenye vifundo vya miguu, yakinuka unyevu na maganda yaliyochacha. Moma alikaa humo. Alikuwa mnene kama paja langu la wakati ule, kichwa kipana kama jani, mgongo umechorwa kahawia, kijivu na zambarau, hata ukimkodolea macho humwoni. Hakuwa na haraka. Aliweza kulala pale pale siku nyingi akingoja panya apite mwenyewe.

Baba alikuwa amefariki, na baba mdogo alilitaka shamba lile. Alikuja karibu kila wiki, akasimama njiani na kusema shamba la ukoo haliachiwi mwanamke. Kuingia ndani, thubutu! Siku chache baada ya matanga aliingia, moma akampulizia, akatoka mbio akiacha ndala moja. Jamani, tulicheka!

Mama aliingia kila siku. Alitangulia na fimbo ndefu, akigonga majani taratibu, na akimwona moma, alizungukia upande wa pili.

"Tuse, ukimwona mwache," aliniambia. "Na usimwambie mtu amelala wapi."

Nilidhani anamhurumia.

Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba nyoka hutaga mayai. Basi siku moja, nikiwa nimechuchumaa mbali kidogo, nikamwona moma anazaa! Watoto hai, wanene kama kidole gumba, wanajinyoosha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na michoro ya mama yake. Habari ile ilinijaa hadi kooni. Mtu wa kwanza niliyekutana naye njiani alikuwa baba mdogo.

"Muongo wewe," akasema. "Nyoka gani anazaa?"

Mimi kuitwa muongo sikuweza kuvumilia, na hata leo siwezi. Nikamshika mkono, nikampeleka hadi mahali penyewe. Nikamweleza na mengine: kwamba hakimbilii mtu, kwamba haumi ovyo usipomkanyaga, kwamba kesho atakuwa hapo hapo. Alitazama muda mrefu.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru, akanipapasa kichwani. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kesho yake alikuja na wanaume wanne wenye mabuti na miti mirefu. Walimpiga moma, wakawamaliza na watoto. Kisha baba mdogo akatembea katikati ya miti ya kokoa kama mwenye mali, akichomeka vijiti vya mpaka. Mama alifika na beseni kichwani. Aliangalia nyoka, akaangalia vijiti.

"Nani amemwonyesha?"

"Mimi, mama. Alikuwa ananibishia."

Hakunipiga. Alitua beseni, akakaa chini juu ya majani, pale pale moma alipokuwa akiwaogopesha wengine. Wazee wa ukoo walikaa upande wa baba mdogo, nasi tukabaki na miti michache nyuma ya jiko. Mama akaanza kulima vibarua kwenye mpunga wa watu kule Ngonga, na mgongo wake haukunyooka tena.

Miaka yote ile niliamini mama hakuogopa nyoka. Hadi alipokuwa mgonjwa, nikiwa namkanda miguu, ndipo nikamuuliza aliwezaje.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Kila siku niliingia natetemeka," akasema. "Lakini ningefanyaje? Sikuwa na mtu mwingine wa kunilindia shamba."