Chupa ya Babu Imerudi Dukani

Jamani, nani aliwaambia shangazi zangu wapende usafi hivi?

Leo tulikuwa nyumbani Likuyani, tunamkumbuka marehemu babu kwa nyimbo zake.
Hakuna spika, hakuna kinanda. Baba mdogo na gitaa, mimi na chupa.

Ndiyo, chupa! Babu alikuwa anaimba huku mtu anakwaruza chupa ya soda na msumari, zile za kioo zenye mistari. Hiyo ndiyo ngoma yetu. Na aliacha moja tu.

Nimeiweka kwa kiti dakika tano nikachukue chai.

Kurudi, hakuna chupa.

"Ile ya soda?" Shangazi Rispa ananiuliza, hana hata wasiwasi. "Kreti ilikuwa inakosa moja. Imeshaenda dukani na bodaboda."

Niambieni, ningefanya nini?

Nikapewa ya plastiki. Nakwaruza, inalia kama mtu anakunja karatasi. Baba mdogo ananiangalia kama mimi ndiye nilimuua babu.

Na tulipomaliza, nani alisimama mbele ya watu wote?

Shangazi Rispa.

"Mmeimba vizuri. Lakini ile chupa ya baba mmepeleka wapi?"