Siku Niliyoazima Sauti ya Garimoshi

Jamani, leo nasimulia nikicheka, lakini aibu ya siku ile pale ukumbi wa mtaa wa Gerezani, jirani na stesheni ya garimoshi, sijaimaliza mpaka sasa.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nafundisha nadharia ya muziki chuo kikuu, na jioni naongoza kwaya yetu ya mtaa Kariakoo. Tukapangiwa kumwimbia mgeni mkubwa wa serikali, saa kumi kamili, na katibu wa tawi akanionya, "Mwalimu, ukituharibia, kazi ya chuo uisahau." Basi mimi kwa majivuno nikakiacha nyumbani kile chuma cha ncha mbili ambacho ukikigonga kinakupa sauti ya kuanzia wimbo (eti sikio langu linatosha!), maana garimoshi la saa kumi lilipiga honi kila siku kwa sauti ileile, na nilishazoea kuwatambia wanafunzi wangu kwamba ile ni noti ya la, haikosei.

Honi ikalia, nikaidaka. Nilihisi iko juu kidogo, nikajiambia ni woga tu, nikawagawia wenzangu sauti zao, tukaanza. Kumbe siku hiyo wameleta injini nyingine, honi yake iko juu kuliko ile ya siku zote! Mstari wa kwanza tukaumudu, wa pili mishipa ikatutoka shingoni, na tulipofika penye jina la mgeni, pale wimbo unapopanda, Mama Zuhura wa sauti ya kwanza akatoa mlio wa kuku aliyekanyagwa, wengine wakanyamaza, nikabaki naimba peke yangu huku ukumbi mzima ukiangua kicheko.

Watu wacheke jina la mkubwa, miaka ile! Mgeni akasimama, kicheko kikakatika. Katibu hakuniangalia hata usoni. Akilini nilimwona mke wangu na watoto wamekalia masanduku nje ya nyumba ya chuo, naapa niliwaona kabisa, na jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

Mgeni akaja hadi mbele yangu. "Ndugu, unafanya kazi gani?"

"Nafundisha chuo kikuu, ndugu. Nadharia ya muziki."

Akanitazama weee. "Na vitendo anafundisha nani?"

Akacheka yeye kwanza, ukumbi ukafuata, na katibu naye akacheka (baada ya kuhakikisha mkubwa anacheka kweli). Kazi ikabaki. Ila kuanzia kesho yake Kariakoo nzima, hata nikinunua nyanya, naulizwa vitendo viko wapi.

Nimestaafu siku nyingi, chuma kile hakitoki mfukoni, na garimoshi likipiga honi bado natafuta pa kujificha.