Behewa la Mawe

Nilishaota ndevu, bado nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba treni ya Mpanda hufungiwa behewa la mawe nyuma ili isipitilize. Reli si inaishia hapa? Mjomba aliyenilea alinieleza kwamba bila uzito ule treni ingeshindwa kusimama, ingevuka mji, ikate pori lote na kutumbukia Ziwa Tanganyika pale Ikola, abiria wakiwa bado wanatafuna mahindi. Na mawe yenyewe nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Ushahidi gani tena?

Imani hiyo nilihitimu nayo shule ya jioni, cheti mkononi.

Siku hizo nilikuwa nachumbia. Mshenga wangu, fundi baiskeli wa Ilembo, alikuwa amerudi mara mbili mikono mitupu. Baba wa binti, mzee aliyefanya kazi reli hadi akastaafu, alimjibu: "Huyo kijana wako muongo. Akisema kaona kundi la ng'ombe, ujue kaona ndama. Mwanangu simpi."

Basi nikaamua kumwonyesha kwamba naweza kuwa mkweli hadi kwenye misumari. Nikatengeneza treni ya mizigo ya kuweka mezani, kila behewa kama lilivyo. Nilikaa stesheni nikichunguza mpaka mbuzi wa pale wakawa wananisalimia. Mwingine angepanga mabehewa ya rangi rangi kama keki ya harusi, mimi nilikataa. La mafuta nililitengeneza kwa kopo la dawa ya mbu, nikalipachika ngazi ya waya ubavuni. La ng'ombe nililiachia nafasi kati ya mbao wapate hewa, ingawa walikuwa wa udongo. Lililofunikwa nikalijaza vigunia vya mpunga wa Majimoto, nikalipaka kutu ya kweli, niliyokwangua kwenye bati la jirani. Mwisho kabisa, kwa heshima zote, behewa la wazi lenye mawe.

Tukaibeba na mshenga hadi kwa mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akavaa miwani, akainama.

Mshenga akaninong'oneza, "Wewe usiseme kitu. Hata kidogo."

Mzee akagusa ngazi. "Hii iko mahali pake." Akachungulia ng'ombe, akaguna kwa kuridhika. Moyoni nilishavaa suti ya harusi.

"Na haya mawe?"

Mdomo wangu huu! Nikamweleza yote, mpaka Ikola, mpaka mahindi ya abiria. Mshenga akajifunika uso kwa kofia.

Mzee akacheka hadi miwani ikadondoka. "Mshenga! Kumbe huyu si muongo, anaamini kabisa! Muongo simtaki, lakini asiyejua anafundishika. Waambie wazee wake waje tuzungumze."

Kisha akaacha kucheka, akanigeukia.

"Treni inasimamishwa na breki, kijana. Hizo kokoto ni za kumwaga chini ya reli, mvua ikisomba tuta."