Siku Kumi na Tisa za Kuombea Chuma

Wadau, mimi siku hizi nikisikia vigelegele harusini natoka nje. Watu wananiona nina dharau. Leo acha niseme.

Kuna siku kontena la futi arobaini lilisimama mbele ya shamba la mama yangu, Kayenze, hatua chache kutoka ziwani. Majirani wote walikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka, isipokuwa mama.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Kokulinda, nina duka la vipuri Igoma. Sisi ni Wahaya tuliohamia Mwanza. Marehemu baba alinunua shamba Kayenze, na mama yetu, Bernadetta, analima nyanya na vitunguu pale tangu sijazaliwa. Maji anachota ziwani kwa ndoo. Asubuhi ndoo ishirini, jioni ishirini. Mgongo wake umepinda, nisiwadanganye.

Kaka yangu Revocatus, tunamwita Revo, alienda Denmark miaka tisa iliyopita. Kazi yake ilikuwa kushusha mitambo ya upepo iliyochakaa. Siku moja akashusha mmoja wa shambani, si yale majitu yanayosimama baharini, akaona bado mzima. Akaununua.

"Koku, huu unavuta maji wenyewe," akanipigia. "Upepo wa Kayenze unavyopiga vile? Mama atakaa kivulini tu, anywe chai."

Alifungasha kwa mikono yake. Mapanga matatu ya kuzungushwa na upepo, kila moja refu kama mtumbwi. Mnara wa chuma vipande sita. Pampu, nyaya, bolti ndoo nzima. Akanitumia orodha ya mzigo, vitu kumi na vinne.

Wakala wetu wa bandarini Dar akaniuliza, "Dada, namba kumi na nne imeandikwa mali binafsi. Ndiyo nini hiyo?"

Nikamuuliza Revo. Akacheka.

"Hiyo afungue mama. Wewe umbea wako weka pembeni."

Nikajua ni vitenge. Meli ikaondoka.

Meli ikiwa bado njiani, nikapigiwa na namba ya huko. Alikuwa Mtanzania mwenzake. Revo aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, anaenda kazini. Alifia palepale.

Jioni ile ile baba mdogo Rwehumbiza akafika kwangu. Nyie mnajua kwetu, mzazi hapigiwi simu akaambiwa mwanao amekufa. Anaambiwa mgonjwa, anasogezwa polepole, mpaka awe amezungukwa na watu.

"Mama yako ana presha," akasema. "Mwili utachukua kama wiki tatu kufika. Aomboleze wiki tatu bila mwili? Tutamwambia ukikaribia. Futa machozi, Koku."

Nikafuta. Hapo ndipo nilipokosea.

Majirani wa Kayenze wakaambiwa, wakaombwa wafunge midomo. Wakafunga. Mimi nikahamia kwa mama.

Mama macho yake hayaoni vizuri, ujumbe wa simu mimi ndiye ninayemsomea.

"Mbona Revo hapigi?"

"Simu yake imeharibika, mama. Anaandika kwa simu ya rafiki yake."

"Anasemaje?"

Nikashika simu isiyo na ujumbe wowote, nikasoma. "Anasema shikamoo mama, mzigo umekaribia."

"Marahaba, mwanangu," mama akaijibu ile simu.

Dah. Niliingia jikoni nikajifanya napuliza moto, ili macho yangu mekundu yapate sababu.

Kila jioni alipiga magoti na rozari yake. Nilikuwa namsikia: "Mama Maria, ilinde ile meli. Vyuma vya mwanangu visizame."

Siku ya kumi na tisa kontena likafika. Mwili ulikuwa unategemewa Jumamosi, siku mbili mbele. Fundi Elias wa Igoma akafungua milango, wanaume wakaanza kushusha. Walifanya kazi kimya kabisa. Mama anawatania, "Jamani, mmekula leo?" Hawajibu.

Mwisho kabisa, nyuma ya pampu, kulikuwa na ile namba kumi na nne: tranka.

La bati, la bluu, jina la Revo kwa rangi nyeupe. Mama alimnunulia alipoenda sekondari ya bweni, na ndilo alilosafiri nalo. Kufuli lake lina funguo mbili, mmoja wa mwanafunzi, mmoja wa mzazi. Huo wa mzazi mama aliufunga kwenye rozari yake, na haukuwahi kutoka.

Akafungua. Hakukuwa na vitenge. Kulikuwa na mashati ya Revo, viatu vyake, vyeti vyake vyote, na picha ya baba aliyokuwa ameitundika chumbani kwake kule.

Mama akashika vile vyeti.

"Mtu hatangulizi vyeti vyake kama yeye mwenyewe haji! Anarudi! Mwanangu anarudi moja kwa moja!"

Akapiga vigelegele.

Mwanamke akipiga, wenzake wanaitikia. Ndivyo ilivyo. Siku ile hakuna aliyeitikia. Akapiga tena. Evelina, aliyekuwa jirani yake kwa miaka thelathini, akaangalia chini. Mara ya tatu akaishia katikati.

Akatutazama mmoja mmoja. Kisha mimi.

"Koku. Lini?"

"Leo siku ya kumi na tisa, mama."

Hakuanguka. Hiyo presha tuliyoiogopa haikumwangusha. Alikaa tu juu ya tranka.

"Siku kumi na tisa nimeombea chuma," akasema taratibu. "Mwanangu hajapata hata Salamu Maria moja kutoka kwangu. Na wote mlijua."

"Shemeji, tulihofia..."

"Nyamaza, Rwehumbiza."

Revo tulimzika Jumapili, humo humo shambani. Wiki iliyofuata Elias akasimamisha mnara. Upepo wa ziwa ukapiga, maji yakapanda yenyewe mpaka kwenye nyanya. Mama akayatazama kidogo, akaingia ndani.

Tangu siku ile ya kontena, kila jioni alisali rozari mbili: moja ya siku hiyo, na moja ya kulipa zile alizomkosesha mwanae. Mimi nakaa pembeni yake, hanisemeshi. Zilipotimia kumi na tisa nikajua sasa ama atanifukuza ama atanisamehe.

Akaniwekea rozari mkononi, na ule ufunguo unaning'inia.

"Na wewe hukumlilia kaka yako," akasema. "Ulikuwa unahangaika kuwa yeye kwenye simu. Anza zako kumi na tisa."

Hapo nikalia. Nililia mpaka mama akanishika kichwa.

Ndugu zangu, msiba una mwenyewe. Ukimficha mama kifo cha mwanae hujamwondolea uchungu, umemnyang'anya siku zake za kumlilia. Mkalishe, mshike mkono, mwambie siku hiyo hiyo.

Mimi bado nasali zangu. Leo ni ya saba.