Bunduki Iliyogoma Mezani Kwangu

Mume wangu Aulis ni mtu ambaye angeweza kuzama ziwani huku boti ya jirani anaiona, asipige kelele, kwa kuwa huenda jirani ana shughuli zake. Nimeishi naye tangu ujana na sijamsikia hata siku moja akimwuliza mtu njia, wala bei, wala saa. Alifanya kazi kiwanda cha mbao mpaka akastaafu, na nadhani kilichompendeza kule ni kelele za misumeno, maana zilimwondolea lazima ya kuongea. Sasa amestaafia jikoni kwangu. Anakaa dirishani, anakunywa kahawa, anakohoa. Nikimwuliza anawaza nini anasema hawazi kitu, na mimi namwamini.

Ulimi wake hufunguka mahali pamoja tu, kwenye moto wa wawindaji. Kila vuli wanaume wa kijiji chetu huingia msituni kuwinda hirvi, yule mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kama farasi, na mnyama akianguka nyama hugawiwa sawa kwa wote, aliyepiga na asiyepiga. Jioni huchoma soseji na kupiga soga. Pentti ndiye mwenyekiti wa kundi, na mkewe aliwahi kuniambia kwamba Aulis huwachekesha wenzake mpaka wanashika mbavu. Nilimwambia amemfananisha na mtu mwingine. Lakini ni kweli kwamba akitoka kule anakuwa mtu wa kuishi naye mpaka karibu na Krismasi. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba katika habari hii sikuwa naipigania nyama. Nilikuwa naupigania huo ulimi.

Bunduki yake ya zamani ililiwa na kutu. Mwaka huu, baada ya mzee Toivo kufariki, Aulis akainunua ya marehemu kwa mjane wake, Hilja. Ni bunduki ya kizamani, mzee aliitunza vizuri, kitako chake amekipaka lami ya msonobari mpaka kinang'aa. Na kuinunua kulikuwa na maana yake, kwa sababu Toivo ndiye aliyekaa Jiwe la Mkate, pale wanyama wanapovuka kutoka kinamasi kwenda ziwani. Kila mwindaji anapaota mahali pale, na kuchukua bunduki ya Toivo kulikuwa kama kuomba kiti chake. Aulis alikaa nafasi ya jirani yake miaka yote.

Toivo mwenyewe, maskini, mwisho alikuwa kichekesho cha kundi. Hirvi walipita mbele yake, mbwa nyuma wanabweka, na mlio wa bunduki hausikiki. Wakampa jina, Toivo Usingizi. Aulis ndiye aliyelileta jina hilo nyumbani, na siku hiyo alicheka peke yake pale dirishani.

Pentti akatoa masharti. Jiwe la Mkate ni la Aulis, ila Jumamosi kwenye jaribio la kulenga shabaha aje na bunduki yake inayofanya kazi. Asipokuja nayo, atakwenda na wafukuzaji, wale wanaokatiza kinamasi na mbwa kuwatoa wanyama. Magoti ya Aulis hayamfikishi hata chini ghalani kuchukua jamu. Kumpeleka na wafukuzaji ni kumwambia abaki nyumbani, na jiwe lichukuliwe na mkwe wa Pentti, kijana wa mjini ambaye suruali yake ya kuwindia bado ina mikunjo ya dukani.

Mnajua alivyoinunua hiyo bunduki? Nilikuwepo. Alikunywa kahawa kwa Hilja, akala mkate wa iliki, akazungumzia mvua. Hilja akazungumzia matofaa. Kisha akalipa, akaichukua, akaaga. Hakuuliza kama inavuta kulia au kushoto, kama ililala kabatini muda gani, hakuuliza chochote.

Kibali cha polisi kikachukua kiangazi chote. Kilipotoka, akaenda shimo la kokoto kuijaribu, akarudi upesi mno. Nikamwuliza imekuwaje. Akasema, "Haisemi." Nikafikiri, basi mmepatana.

Kuanzia hapo meza yangu ya jikoni ikawa si yangu. Alitandika gazeti, akalitoa komeo la bunduki, akalifungua. Ndani kuna springi na msumari mrefu wa chuma. Ukivuta kifyatulio, msumari huo unaruka mbele na kugonga tako la risasi, nayo inalia. Mimi nimeyajua hayo kwa sababu nilikuwa nakula chakula changu katikati ya hivyo vyuma. Akasema ni grisi ya zamani, imeganda. Akasafisha kwa mafuta ya taa, nyumba nzima ikanuka. Akarudisha, akaenda shimoni, akarudi. Haisemi. Akasema ni risasi mbovu. Akanunua nyingine. Haisemi. Akasema ni springi, imechoka. Akaivuta kuipima, ikamponyoka, ikatua kwenye unga wangu wa mkate niliokuwa nimeuumua.

Kwetu kuna usemi kwamba ugonjwa ukishindikana kwa sauna, kwa pombe na kwa lami, huo ni wa kufa. Mnadhani natania? Ijumaa asubuhi nikaenda kuwasha sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, nikakuta imeshawaka, na juu kwenye benchi, mahali penye joto kali, komeo limekaa peke yake limefungwa taulo kama mgeni. Taulo langu zuri. Nikamwita, nikamwuliza kama mgeni wake aletewe na bia.

"Grisi iliyobaki itayeyuka," akasema.

"Hakuna grisi iliyobaki, mzee. Iko yote kwenye kitambaa cha meza cha marehemu mama yangu. Nenda kamwulize Hilja."

"Nikamwulize nini?"

"Bunduki ya mumewe! Ameishi nayo nyumba moja maisha yake yote."

Akaniangalia kama niliyemwambia avue nguo kanisani. Akasema mjane akiulizwa hivyo ataona anaambiwa ameuza kitu kibovu, na marehemu hajamaliza hata mwaka kaburini. Nikamwambia mficha uchi hazai. Nikamwambia kuuliza si ujinga. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki. Akaninunia, na nawaambia, mtu asiyeongea akinuna hutajua tofauti isipokuwa umemzoea.

Mchana akalikusanya komeo tena, safari hii lina joto, akaanza kulivuta na kuliachia pale mezani, tupu, ka, ka, ka. Yalikuwa yamenifika kooni. Nikamnyang'anya, nikaligeuza nitazame hicho kinachotutesa. Uso wa mbele una kitundu katikati. Nikamwambia avute. Nikatazama. Avute tena.

"Mbona huo msumari hautokezi?" nikamwuliza.

Akasema unatokeza. Nikamwambia haya, weka kidole chako hapo. Akaweka. Akaenda kutafuta miwani yake na kile kioo cha kukuzia anachotolea vibanzi vidoleni. Akalifungua komeo upya, akautazama msumari kwa muda mrefu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha yake haikuvunjika. Ilikuwa imekatwa kwa tupa, kisha ikasuguliwa ikawa mviringo safi, kazi ya mtu mwenye subira. Mtu aliufupisha msumari ule kwa makusudi.

Sasa ndipo nilipomwona Aulis amekasirika kweli. Masikio yalimwiva. Kumshutumu mjane hawezi, na kunyamaza safari hii hawezi pia, kwa hiyo alizunguka meza. Kesho yake ndiyo Jumamosi. Nikachukua ufunguo wa gari, nikamwambia apande au nakwenda peke yangu. Akapanda, na komeo mfukoni.

Hilja alikuwa anapika viazi. Akatukaribisha, akatoa vikombe. Aulis akakaa, akasema baridi imewahi mwaka huu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akasema na majani nayo yamewahi kuanguka. Nikaona huyu atatuzeesha hapa.

"Bi Hilja," nikasema, "ile bunduki ya marehemu hailii."

Hilja akafunua sufuria. Akachomoa kijiti kirefu cha chuma kutoka kwenye mtungi wa miiko, akadunga kiazi kimoja, akadunga kingine.

"Haiwezi kulia," akasema. "Msumari wake ni huu."

Akauweka mezani, unatoka mvuke. Aulis akatoa ule wa kwetu, akaulaza kando yake. Ni mapacha, ila mmoja umepungua kichwani. Mimi ningeweza kupiga mayowe.

Hilja akasema alidhani Aulis anajua, maana alikaa jirani na mumewe msituni miaka yote, na hakuuliza. Akatueleza bila haraka, huku anamwaga maji ya viazi. Kila mwaka, siku ya jaribio la shabaha, Toivo alitia msumari mzima, akalenga vizuri kama kawaida yake. Jioni aliutoa, akarudisha mfupi, na ule mzima ukarudi kwenye mtungi wa miiko. Hilja akasema ni mzuri sana kwa viazi, haupasui.

Nikamwuliza kwa nini. Nilijua Aulis hatauliza.

Akasema kuna vuli moja Toivo alimpiga hirvi jike akidhani hana ndama. Wakiwa wanamchuna, ndama akatoka kwenye misonobari akasimama karibu yao. Mmoja wa wanaume akampungia kofia ili aende. Ndama akasogea kidogo, akarudi pale pale. Akapungiwa tena, akarudi tena.

"Wa kofia nilikuwa mimi," Aulis akasema.

"Najua," Hilja akasema. "Toivo alinisimulia. Alikuja akakaa hapo ulipokaa, akaniambia, 'Hilja, mimi kuua nimemaliza, lakini usiwaambie. Wakijua, mimi nitakaa wapi?'"

Aulis alikuwa anatazama kikombe chake. Mimi nikasema, kwa aibu, kwamba walimwita Usingizi. Hilja akasema jina hilo mumewe alilijua, na walilicheka pamoja hapa jikoni. Na kulala hakulala hata siku moja. Kila jioni alirudi akamsimulia kila mnyama aliyepita, alivyokanyaga, alivyonusa upepo. Kisha Hilja akauosha ule msumari mzima, akaufuta kwa aproni, akampa Aulis. Akasema yeye atadunga kwa uma, ni vilevile tu.

Tukaaga. Nyumbani Aulis akaukusanya mtambo mara moja, bila kukosea, akafuta meza yangu mwenyewe bila kuambiwa. Jumamosi akapiga shabaha zote ndani ya duara. Pentti akampa mkono, Jiwe la Mkate likawa lake, na yule mkwe na suruali yake wakapelekwa kinamasi. Nilifurahi mno. Nikaoka pai ya blueberi, nikamsamehe hata taulo.

Siku ya kwanza ya kuwinda akaondoka na thermosi yake na mkate wa rai. Nikabaki na jiko langu, kimya kizuri, nikabandika viazi. Kabla havijaiva, simu ikalia. Pentti. Alikuwa amekereka. Akasema wamepata mmoja upande wa pili, sawa, lakini dume kubwa kuliko yote limepita Jiwe la Mkate, polepole, kama linaenda dukani, mbwa wamelifuata mpaka pale, na kwa Aulis kimya. Anadai hakuliona.

"Tellervo, mwambie mumeo akitaka kulala alale kwake," akasema.

Simu iko begani, mkono uko ndani ya droo natafuta uma wa viazi. Nikaushika. Haukuwa uma. Ule msumari mzima wa Hilja ulikuwa umelazwa hapo katikati ya uma na vijiko vyangu, safi, umepanguswa mafuta.

Jamani. Hebu fikirini. Mafuta ya taa kwenye kitambaa cha marehemu mama yangu. Springi kwenye unga. Komeo kwenye sauna. Kupelekana kwa mjane kumwuliza yasiyoulizwa. Yote hayo ili bunduki ilie, na bunduki isiyolia tulikuwa nayo tangu mwanzo! Nilitaka kumwambia Pentti kila kitu. Nilifungua mdomo kabisa.

"Anazeeka," nikamwambia. "Nitamsema akirudi."

Alirudi giza limeanza kuingia, ananuka moshi, na fungu letu la nyama ndani ya mfuko, sawa na la kila mtu. Na hata kabla hajavua buti alikuwa anaongea. Dume lile, mama, ungeliona. Lilitoka kwenye maji, ndevu zinachuruzika. Pembe moja imevunjika. Lilisimama karibu hivi, kama kutoka hapa hadi jiko, likanitazama, likatikisa sikio moja. Alionyesha kwa mikono, yeye ambaye mikono yake haijawahi kutoka mifukoni.

Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga mchana kutwa. Nikaenda kwenye sufuria, nikautoa ule msumari mfukoni mwa aproni, nikadunga kiazi mbele ya macho yake. Akakatika katikati ya sentensi. Akabaki na buti moja mkononi.

"Vimeiva?" akaniuliza mwishowe.

"Bado kidogo," nikamwambia. "Kaa hapo uendelee. Hiyo pembe nyingine ilikuwaje?"