Damu Yangu Kwenye Koti

Mimba yangu ya kwanza iliharibikia kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, karibu na Ruiru, miaka ya Hali ya Hatari. Mume wangu alinifunika kwa koti lake akanibeba hadi zahanati ya shamba. Koti lililowa damu. Tuliporudi tulilisukuma chini ya kitanda, tukingoja nipate nguvu za kulifua.

Siku hiyohiyo mlinzi wa shamba aliuawa kwa panga. Askari walipopekua nyumba wakalipata koti. Niliwaambia damu ni yangu, dresa, mhudumu wa zahanati, ndiye aliyenitibu. Lakini dresa naye alikuwa ameshachukuliwa katika msako, na hakuna aliyetaka kutuambia yuko wapi. Askari mmoja alitema mate mlangoni pangu. Mume wangu akapelekwa Thika, nami nikaitwa huko kuandikisha maelezo yangu.

Kituoni, afisa Mzungu alidondoshea doa la koti dawa ya kupimia damu. Likageuka buluu, akatabasamu kana kwamba rangi ile imemtajia muuaji. Kwani nani alikuwa amekana kwamba ni damu? Kipande cha koti kikapelekwa Nairobi, jibu likarudi: damu ya mtu, kundi la O, sawa na ya marehemu.

Mahakamani karani aliliinua koti kwa ncha ya fimbo, ameziba pua. Lilikuwa limeota ukungu. Mwendesha mashtaka akaniuliza, mbele ya baba mkwe wangu, damu ilitoka wapi mwilini na ilitoka kwa muda gani. Wanaume nyuma wakacheka chini chini. Nilijibu yote.

Hakimu akaagiza nipimwe. Daktari Mhindi wa mjini alinidunga kidole, na kesi iliporudi akasimama kizimbani.

“Huyu mama ni O,” alisema. “Mimi pia ni O. Kipimo hiki kinaweza kukwambia damu si ya fulani. Kwamba ni ya fulani, hakiwezi.”

Mume wangu akaachiliwa. Tulihamia Thika, akapata kazi ya kiwanda, tukazaa watoto wanne. Baba mkwe alikuja kuwaona wote. Alikunywa chai yangu, akawabariki wajukuu, ila tangu maswali yale ya mahakamani mpaka anakufa, hakuwahi tena kunitazama usoni.